Asili ya kiti kinachofunguka bila skrubu

Swali, kutoka Tabora: Ndugu zangu, nimerithi kiti cha mbao kisicho na gundi wala skrubu, chenye mikanda ya ngozi mahali pa kuegemeza mikono. Ubunifu huu ulianzia wapi?

Jibu: Ndugu, hizo ni sifa za kiti cha safari alichobuni Kaare Klint wa Denmark mwaka 1933, akifuata kiti cha kambi cha maofisa wa Kiingereza nchini India, kiitwacho Roorkhee. Ncha za fito huingia kwenye matundu ya miguu na kukazwa kwa mikanda, kwa hiyo kiti hutulia hata pasipo sawa. Ustadi wa kuheshimiwa kwa kweli.

Jibu, kutoka Kigoma: Kagueni mbao kwanza. Kikiwa cha mninga, yaelekea kilichongwa na mafundi wa huku kwetu.

Muulizaji: Ni mninga mtupu, mzee wangu. Asanteni.