Muhtasari wa mkutano wetu wa Zoom umerudishwa na ofisi ya usajili

Kutoka: Katibu, Hannover

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juzi nimepokea barua kutoka ofisi ya usajili wa vyama, na ninaomba msaada wa yeyote aliyewahi kupita njia hii. Kama mnavyofahamu, ushirika wetu wa Wanatanga umesajiliwa kama e.V., yaani chama kilichosajiliwa kisheria hapa Ujerumani, na tangu kanisa lililokuwa likituazima ukumbi lilipouza jengo lake hatuna mahali pa kukutania. Wanachama wametawanyika kutoka Kiel hadi München, wengi wao wanafanya kazi za zamu katika nyumba za wazee, na ibada yetu yote imehamia Zoom, tukiunganishwa na usharika wa nyumbani Tanga. Novemba tuliitisha mkutano mkuu huko huko mtandaoni, akidi ikatimia, tukachagua mwenyekiti mpya na mtunza hazina mpya, muhtasari ukasainiwa, notari akathibitisha saini, nikautuma. Sasa umerudishwa. Wanasema katiba yetu haitaji mikutano ya mtandaoni, na kwamba barua ya mwaliko haikueleza wanachama wangepigaje kura.

Benki nayo haimtambui mtunza hazina mpya, kadi ya yule wa zamani imeisha muda, malipo ya Zoom yamekwama, na tumerudi kwenye ile akaunti ya bure inayokata kila baada ya dakika 40. Jumapili iliyopita tulikatwa mhubiri akiwa ndiyo kwanza anaingia katika hoja ya pili. Tulipofungua tena, waliorudi hawakufika nusu, na wazee wetu wa Tanga walidhani ibada imekwisha wakaanza matangazo.

Swali langu ni hili: je, ni lazima turudie uchaguzi wote ana kwa ana? Na hadi hapo nani anasaini, ikiwa mwenyekiti wa zamani amesharudi nyumbani moja kwa moja?

Kutoka: Mama wa Leeds

Pole sana, mwanangu Katibu. Sisi huku hatujapata kuulizwa mkutano ulifanyikia wapi. Machi 2020 makanisa ya Uingereza yalipofungwa hata kwa maombi ya mtu mmoja mmoja, tulianza kwa simu ya kawaida ya pamoja, kwa sababu akina mama wengine hawakuwa na simu za kisasa, na hadi leo maombi yetu ya Jumatano ni kwa simu hiyo. Tulipoanza kupata sadaka ya kueleweka, mtu wa mahesabu alituambia kwamba jumuiya ya hisani ikizidisha kipato cha pauni 5,000 kwa mwaka inatakiwa kujisajili na Charity Commission, tume inayosimamia jumuiya za hisani, tukajisajili, na mikutano ya wadhamini tunaifanya mtandaoni kwa sababu katiba yetu inaruhusu. Nashauri mwandike barua ya kueleza hali yenu kwa unyenyekevu. Maofisa nao ni watu.

Kutoka: Ndugu wa Stuttgart

Mama, shikamoo. Unayosema ni kweli kwa Leeds, lakini Hannover si Leeds, na ofisi ya usajili ya Ujerumani haisomi unyenyekevu, inasoma kifungu.

Naona wengi bado wanaitegemea ile sheria ya muda ya enzi za korona, iliyoruhusu mikutano ya mtandaoni hata pale katiba iliponyamaza. Sheria ile ilikoma tarehe 31 Agosti 2022. Tangu tarehe 21 Machi 2023 kinachotawala ni kifungu cha 32 cha BGB, sheria ya kiraia ya Ujerumani, na kifungu hicho kinatofautisha mambo mawili ambayo Katibu ameyachanganya. La kwanza ni mkutano mseto: kuna mahali palipotajwa, anayeweza kufika anafika, asiyeweza anashiriki kwa mtandao, na anayeitisha mkutano anaweza kuamua hivyo mwenyewe. La pili ni mkutano wa mtandaoni mtupu, usio na mahali. Huo unahitaji wanachama wawe wamepitisha azimio kwanza kwamba mikutano ijayo inaweza kuitishwa namna hiyo. Katika yote mawili, mwaliko lazima ueleze mwanachama aliye mbali atatumiaje haki zake, kura ikiwemo.

Kwa hiyo hamhitaji ukumbi wala hamhitaji kumtoa mtu Kiel. Sebule ya Katibu inatosha. Andikeni anwani yake katika mwaliko, andikeni na namna ya kupiga kura, ajenda ya kwanza iwe azimio la mikutano ya mtandaoni, ya pili uchaguzi.

Ila kuna jambo hukulisema, Katibu. Barua hiyo ni agizo la kurekebisha lenye tarehe ya mwisho, au ni uamuzi wa kukataa? Kama ni uamuzi, muda wa kukata rufaa ni mwezi mmoja tangu ulipokufikia. Bila kuiona barua sote tunapiga ramli.

Kutoka: Mwenyekiti wa zamani, Raskazone

Nawasalimu kutoka Tanga, ambako asubuhi hii bahari imetulia na mimi nimetajwa.

Kusaini sina tatizo. Tatizo ni kwamba saini ya kupeleka kwenye daftari la vyama lazima ithibitishwe, na mthibitishaji anayekubalika huko hayupo hapa Tanga. Nilipouliza, nilielekezwa ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, kwa miadi. Maana yake ni kupanda basi alfajiri, kupita Segera na Chalinze, kulala Dar kwa sababu miadi haipangwi kwa kufuata ratiba za mabasi, na kurudi, kwa ajili ya mstari mmoja wa wino. Labda mnisubiri mpaka ile barabara ya pwani ya Pangani, Saadani na Bagamoyo ikamilike.

Ninalolisikitikia zaidi ni ibada kukatwa. Ile jumuiya ya misioni ya Kijerumani iliyoanza kazi hapa Tanga mwaka 1890, ambayo baadaye makao yake yalihamia Bethel kule Bielefeld, ilikuwa ikingoja meli ilete barua, na sharika zikajengwa hivyo hivyo mpaka Usambara juu. Sisi tuna sauti na sura papo hapo, na tunashindwa na kadi ya benki.

Kutoka: Kijana wa Duga, sasa Rotterdam

Shikamooni wakubwa. Mimi nashughulikia sauti, na naomba niseme kwamba dakika 40 si tatizo pekee linalowafukuza watu.

Kuimba pamoja kwa Zoom hakuwezekani, na tuache kujaribu. Sauti inayotoka Tanga inachelewa kufika, yetu inachelewa kurudi, na waimbaji wakipishana hata kwa sehemu ndogo ya sekunde kila mmoja anapunguza mwendo kumsubiri mwenzake hadi wimbo unalala. Waachieni Tanga waimbe, sisi wengine tuzime maikrofoni na kuimba majumbani mwetu. Vilevile programu ile imetengenezwa kusafisha kelele, na kwake ngoma, kayamba na vigelegele ni kelele. Ndiyo maana kwaya ya akina mama inapoanza mnasikia sauti zinapanda na kuzama, na ngoma hamuisikii kabisa. Kuna mpangilio wa kuruhusu sauti halisi, ambao lazima uwashwe na yule anayerusha, na anayerusha ni simu ya mwinjilisti iliyoegemezwa kwenye vitabu vya nyimbo juu ya kiti. Nimemwelekeza mara nyingi. Kila simu ikibadilishwa, tunaanza upya.

Kutoka: Mzee wa kanisa, Chumbageni

Kijana, mwinjilisti amesoma maneno yako na anakusalimu. Anasema simu hiyo ni yake mwenyewe na bando ni lake mwenyewe.

Mngejua upande huu mnavyongojwa, msingebishana sana juu ya vifungu. Ibada ikiisha tunatoka nje kwenye mnada wa sadaka kama kawaida: mikungu ya ndizi, mayai, machungwa ya Muheza, kuku. Simu inashikwa juu ili mlio mbali mtaje bei. Kuna Jumapili jogoo mmoja alinunuliwa na mtu wa Hannover, akamtoa tena mnadani, akanunuliwa na mtu wa Leeds, akamtoa tena, na mwishowe akapelekwa kwa bibi mmoja mjane wa Makorora. Bibi akaomba simu, akawashukuru wote wawili kwa majina ya mama zao, kwa sababu waliotaja bei hakuwafahamu lakini mama zao aliwafahamu. Hilo haliwezekani kwa rekodi ya ibada mnayoitazama jioni.

Nasi tumejifunza kutotegemea njia moja. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tulikuwa katikati ya ibada.

Kutoka: Mama wa Leeds

Mzee, hiyo ya Mei ilikuwa nyaya. Umeruka Jumapili ya tarehe 2 Novemba 2025, na hiyo haikuwa nyaya. Intaneti ilizimwa nchi nzima tangu tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, na Jumapili ile hapakuwa na ibada, wala ujumbe, wala picha, na mimi nina dada Dar es Salaam ambako watu waliambiwa wasitoke nje usiku. Nilikaa na simu mkononi mchana kutwa. Ninawauliza wanaozungumzia ushirika wa waumini: aliyezima aliwahi kuwaza kwamba siku ya Bwana kuna watu wanaulizana kama wako hai?

Kutoka: Msimamizi

Mama yangu, tunakuheshimu, na wengi wetu tulikuwa katika hali hiyo hiyo. Lakini orodha hii inasomwa na walio nyumbani pia, na si wote wangependa majina yao yaonekane chini ya mjadala huo. Tukae kwenye jambo la mkutano na ibada.

Kutoka: Mama wa Leeds

Nimekaa kwenye jambo. Mada ni kanisa lisiloweza kukutana, na mimi nimetaja sababu mojawapo ya kutokutana.

Kutoka: Mwenyekiti wa zamani, Raskazone

Nakubaliana na Mama, na ninaongeza lililosaidia siku zile ili lisipotee. Mwinjilisti alikuwa na daftari la namba za simu za kawaida za wanachama na ndugu zao, lililoandikwa kwa kalamu. Simu za kawaida zilikuwa zikipita. Wazee wa kanisa waligawana kurasa, kila mmoja akapiga kwa watu wake wa mtaa, na walio Ulaya waliopata kupiga wakapata majibu kutoka kwa mtu aliyewaona ndugu zao kwa macho. Kila ushirika uwe na daftari kama hilo, na liwe pande zote mbili.

Kutoka: Muumini wa Chumbageni, sasa Vienna

Tumsifu Yesu Kristo. Ninasoma kimya kwa kawaida, mimi ni Mkatoliki na nyinyi mnanikaribisha. Naomba tu lile wazo lililotajwa mwezi uliopita, la kila mtu kuandaa mkate na divai mbele ya kompyuta siku ya Pasaka, mlifikirie vizuri. Kwetu Vatikani ilikwisha kusema tangu mwaka 2002 kwamba kwenye intaneti hakuna sakramenti.

Kutoka: Mzee wa kanisa, Chumbageni

Ndugu, hata kwetu mchungaji hajaruhusu. Waliotaja wazo hilo hawakumuuliza. Meza ya Bwana ataitoa hapa kwa waliopo, na walio mbali wataombewa kwa majina; orodha ya majina inatumwa kwake kabla ya Ijumaa.

Kutoka: Katibu, Hannover

Nawashukuru wote. Sebule yangu ipo, nayo inaingiza watu sita wakibanana. Lakini bado sijapata jibu la nani anasaini katika kipindi hiki, wala kama benki inaweza kuridhika na barua ya wazee wa kanisa wa Tanga wakati tunasubiri.

Kutoka: Ndugu wa Stuttgart

Benki haitaitazama barua ya Tanga, itataka dondoo la daftari la usajili. Na mimi bado sijaiona barua ya ofisi. Ifunike jina la karani, uipige picha, uitume.

Kutoka: Kijana wa Duga, sasa Rotterdam

Wakati barua inasubiriwa, naomba nikumbushe jambo litakalotuvuruga mapema kuliko ofisi yoyote. Jumapili ya Mitende mwaka huu wa 2026 ni tarehe 29 Machi, na alfajiri hiyo hiyo saa za Ulaya zinasogezwa mbele. Tanga hawabadilishi saa. Ibada ya saa nne asubuhi ya nyumbani, ambayo sisi wa Uholanzi na Ujerumani tumezoea kuiingia saa mbili, itakuwa saa tatu yetu; Uingereza, walioamka saa moja majira yote ya baridi, watapumua hadi saa mbili. Watakaosahau hawatapoteza ibada, wataikuta haijaanza, ila wasipige simu ya mwinjilisti wakati anapanga vitabu.

Kuhusu Zoom, kwa Jumapili hiyo nitafungua kwa akaunti ya kazini kwangu, kwa ruhusa ya bosi. Haikatiki. Ni kwa siku hiyo tu.

Kutoka: Mzee wa kanisa, Chumbageni

Tumepokea, na mwinjilisti ameandika saa zote mbili ubaoni. Matawi ya minazi yataletwa Jumamosi, na maandamano yataanzia nje, kwa hiyo mtaona kutikisika kwa picha mpaka tuingie ndani.

Jambo moja la mnada. Aliyemnunua jogoo Jumapili iliyopita hajalipa. Naomba alipe kwa ile lipa namba ya usharika, wala si kwa simu yangu, kwa sababu fedha zikiingia kwangu mke wangu anadhani ni zake.