Naomba ushauri: kuwekeza kwenye masoko yanayoibukia, sarafu ndo inanitisha

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie mawazo. Nina akiba nimeiweka kwa dola miaka kadhaa, sasa nataka niitawanye kidogo kwenye masoko yanayoibukia, yani nchi ambazo uchumi wake unakua ila bado haujakomaa, kama India, Brazili, Misri na Nigeria. Biashara za huko zinakua, hilo sina shida nalo kabisa, shida yangu ni sarafu.

Maana angalia Misri, Machi 2024 waliiachia pauni yao ielee, yani thamani yake ipangwe na soko, dola ikatoka kama pauni 31 mpaka karibu 50 ndani ya siku moja tu, yani ulikuwa na hisa nzuri zinazolipa gawio lakini ukibadilisha kurudi dola unakuta zaidi ya theluthi imeyeyuka na kampuni yenyewe haijakosea chochote. Nigeria nao wakafanya hivyohivyo Juni 2023, na kabla ya hapo mashirika ya ndege ya nje yalikwama na hela zao kule, mauzo wamefanya ila dola za kutolea hakuna. Hiyo ndo inanikosesha usingizi kuliko hasara yenyewe.

Kuna jamaa ananiambia ninunue tu mfuko unaofuata faharisi ya MSCI ya masoko yanayoibukia, yani kikapu cha hisa za makampuni ya nchi nyingi kwa pamoja, niache kuhangaika, ila nikiuangalia naona umejaa China, Taiwan na India, sasa hapo nimetawanya nini?

Waliowahi kutoa faida yao nje, mliangalia nini kwanza, akiba ya fedha za kigeni ya nchi husika au? Na hatifungani za dola za hizo serikali, yani unaikopesha serikali kwa dola na inakulipa riba kwa dola, vipi, zinafaa kuanzia?