Majirani wa Kichochoro 🌴 Jumapili, 28 Agosti 2022

[16:02] Swabra: Assalaam alaykum majirani. Kesho ndiyo ile kura yetu ya gavana wa Mombasa iliyokuwa iwe tarehe 9, ikaahirishwa. Vituo vyafunguliwa saa 12 asubuhi, vyafungwa saa 11 jioni. Nataka majina ya wazee wa kupelekwa na tuktuk. Andikeni HAPA, msinijie pembeni.

[16:03] Swabra: 1. Bi Kije
2.
3.

[16:40] Swabra: Nimeona walioisoma ni 17. Hakuna mwenye mzee nyumbani isipokuwa mimi?

[16:44] Dulla Tuktuk: Mimi ninaye. Tuktuk yenyewe. Yaenda kwa kusukumwa 😂

[16:45] Swabra: Dulla, wewe ndiye dereva, usinifanyie mzaha.

[16:45] Dulla Tuktuk: Dereva?? Nani kaniambia?

[16:46] Swabra: Nakwambia sasa.

[17:10] Fundi Hamadi: Kucha yangu bado ina wino wa tarehe 9. Si watasema nimeshapiga?

[17:11] Swabra: Mashine ndiyo ikujuayo, si kucha. Beba kitambulisho. Kesho ni karatasi moja tu, zile tano tulishamaliza.

[17:13] Fundi Hamadi: Na hiyo moja ilichapishwa Ugiriki, ikaja na makosa. Wakasema tarehe 23. Wakasema tena 29. Mimi nikifika mlangoni nitauliza kwanza kama ni leo kweli.

[17:26] Mama Rukia: Mimi siendi. Tarehe 9 nilisimama tangu alfajiri hadi saa 5, narudi nyumbani unga wa vitumbua umechacha, povu lafurika ndooni. Nilimwaga wote. Na hata huyo rais mpaka leo yuko mahakamani. Nimkimbilie gavana wa nini?

[17:28] Swabra: Mama Rukia, rais hakuletei maji. Maji ni ya kaunti. Mtungi wanunua bei gani?

[17:29] Mama Rukia: 30. Na mwenye mkokoteni ataka aongezwe kwa sababu haingii kichochoroni.

[17:29] Swabra: Basi.

[17:30] Mama Rukia: Basi nini? Hiyo nimeisikia kila kura. Mfereji wangu watoa upepo.

[18:05] Swaleh: Mimi kura yangu iko bandarini. Tangu 2019 mizigo ilipoamriwa ipande reli ya SGR iende Nairobi, nimekuwa mlinzi wa baraza. Chama cha Hassan Omar kimesema bandari itarudi. Nimemaliza.

[18:07] Fundi Hamadi: Nionyeshe mgombea mmoja wa Mombasa asiyesema bandari itarudi, nikununulie mahamri ya wiki nzima.

[18:08] Swaleh: Abdulswamad wako amekaa bungeni na Mvita yetu tangu 2013. Uliona nini?

[18:09] Fundi Hamadi: Na wako alikuwa seneta 2013 hadi 2017. Uliona nini?

[18:10] Dulla Tuktuk: Mimi niliona Liverpool jana 9-0

[18:10] Dulla Tuktuk: Bournemouth wangekubali hata kuahirishiwa mpaka tarehe 29 😂😂

[18:12] Fundi Hamadi: 😂😂😂

[18:15] Swabra: HAKUNA SIASA HUMU. Nimeuliza majina ya wazee. Mpaka sasa nina jina moja, na ni langu mimi nililoliandika.

[18:21] Mama Rukia: Kura bila siasa, chai bila majani. Hebu tuambie, hiyo tuktuk yatiwa mafuta na nani?

[18:22] Swabra: Mchango. 50 kila nyumba.

[18:23] Mama Rukia: Nauliza kwa sababu ya leso.

[18:23] Swabra: Ya leso tuliyamaliza.

[18:25] Mama Rukia: Uliyamaliza wewe. 2017 zilikuja doti 40. Huku juu zilifika 3, na moja ina tundu la sigara.

[18:26] Swabra: Zilikuwa 24.

[18:26] Mama Rukia: Idd ulisema 30.

[18:27] Swabra: Ujumbe huu umefutwa

[18:31] Mama Rukia: Nimeshausoma.

[18:50] Siti wa Pwagu: Ile yenye tundu ninayo mimi, yalaliwa na paka 🙈

[19:20] Swabra: Waliotuma mchango:
Swabra 200
Fundi Hamadi 50
Jumla 250

[19:22] Dulla Tuktuk: Hayo ni mafuta. Na dereva je, anywe upepo wa Mama Rukia?

[20:15] Bi Kije: Naandikiwa na mjukuu. Nimesomewa yote tangu asri.
Mwaka 1988 kwenye uteuzi wa chama cha KANU hatukupewa karatasi. Tulipangwa mlolongo, nyuma ya mwenye picha ya mtu wako, kila mtu amwona jirani yake amesimama wapi. Marehemu mume wangu alisimama mstari mfupi, wanaume wanne na yeye. Mimi nilisimama ule mrefu, kwa uoga. Tulikuwa twatazamana. Alirudi nyumbani hakunisemesha siku tatu, na mimi sikuwa na la kumwambia.
Nyinyi mmepewa kijumba cha kujificha, kisha mwaja humu kuulizana nani ampa nani.
Swabra, nitapanda hiyo tuktuk nikijua hakuna atakayeniuliza njiani. Nikiulizwa nashuka, hata ikiwa ni katikati ya barabara. Nataka mtu mmoja tu wa kunishika mkono pale kwenye ngazi za skuli.
Na leso yangu ya 2017 sikuivaa. Iko sandukuni na mkunjo wake. Mama Rukia mwanangu, njoo uichukue.

[20:34] Fundi Hamadi: Shikamoo Bi Kije.

[20:36] Siti wa Pwagu: Shikamoo Bi 🙏

[20:52] Mama Rukia: Bi Kije, nisamehe. Sitaki leso, nitakuja kukusalimu tu.

[20:58] Swaleh: Mkono nitautoa mimi. Sitasema neno.

[21:01] Swabra: Ahsante Swaleh. Basi tuktuk ya kwanza ni saa 12 kasorobo, Bi Kije na Swaleh. Ya pili saa 2, andikeni majina. Dulla thibitisha.

[21:30] Swabra: Dulla

[22:04] Swabra: Dulla wee

[23:48] Dulla Tuktuk: Nilikuwa feri Likoni na abiria. Saa 12 siwezi, Jumatatu nina mtu wa samaki. Saa 2 je?

[23:49] Swabra: Saa 2 jua limeshapanda! Na Bi Kije ana presha.

[23:55] Dulla Tuktuk: Nitajaribu. Inshallah.

[23:56] Swabra: Inshallah hiyo ni ya kuja au ya kutokuja?

Jumatatu, 29 Agosti

[05:38] Swabra: Sabalkheri. Bi Kije amevaa buibui, amekaa barazani, kitambulisho kiko mkononi. Dulla simu yako haipatikani.

[05:41] Ghorofani: MAJI YAMETOKA!!!

[05:41] Ghorofani: Kwa mfereji wa msikiti. Yana nguvu!

[05:42] Mama Rukia: Wallahi? Ya chumvi?

[05:42] Ghorofani: Matamu. Kimbieni kabla hayajakatika

[05:43] Fundi Hamadi: Niwekeeni nafasi, mitungi yangu ile ya manjano mitatu

[05:44] Siti wa Pwagu: Foleni yafika kwa muuza kahawa 😩

[05:50] Swabra: Majirani, kura!

[05:52] Swabra: Swaleh uko wapi? Bi Kije auliza.

[05:57] Swaleh: Naja. Mtungi wa pili wajaa.