Nakala ya kikombe cha dhahabu, kumbe shaba: makumbusho waendelee kuziweka au ni utapeli?

Mbeba Boksi: Wakuu habarini. Nipo huku Stuttgart, juzi kwenye mnada wa vitu vya kale nimeokota kikombe cha shaba kilichochovywa dhahabu, kidogo tu, sentimita nane hivi kwenda juu. Ubavuni kuna jamaa kifua wazi, nywele ndefu, kashika kamba iliyofungwa mguu wa nyuma wa dume la ng'ombe na lenyewe limenyanyua kichwa linalia. Muuzaji anasema ni nakala ya vikombe vya Vapheio, vile viwili vya dhahabu tupu vilivyofukuliwa kaburini karibu na Sparta miaka ya 1880, umri wake kama miaka 3,500, orijino zipo Athens. Nakala walizitengeneza kina Gilliéron, baba na mwana, na kiwanda cha WMF hapo Geislingen, makumbusho kibao yakanunua mpaka Met ya New York. Sasa mshkaji wangu kazini anasema makumbusho kuweka vitu hivi ni kudanganya watu, vingeyeyushwa tu. Mnaonaje?

Chuma Ulete: Hajakosea. Umepigwa na kibati mkuu, pole.

Sonara Mstaafu: Kibati? Kijana nimekaa kwenye meza ya usonara miaka 31 usinichefue. Kile kitu wanatoa kalibu kutoka kwenye orijino yenyewe, wanapaka unga mweusi kama wa penseli ili umeme upite, wanazamisha kwenye maji ya mrututu, huo huo tuliopulizia kahawa, umeme unapita taratibu shaba inajishika chembe kwa chembe mpaka mkunjo wa shingo ya ng'ombe unatoka kama ulivyo, ndo baadaye unachovya dhahabu. Kibati kinagongwa kwa nyundo dakika tano.

Chuma Ulete: Kumbe mrututu ni mali. Babu kafa maskini na pampu mgongoni 😂

Mwalimu wa Zamu: Mnabishana chuma wakati hoja ni fundi. Gilliéron huyo huyo ndo Evans, yule Mwingereza mchimbaji wa mambo ya kale, alimwajiri kule Knossos, Krete, kujazia michoro ya ukutani iliyobaki vipande vipande. Yule "mwana wa mfalme" mwenye taji la mayungiyungi kaunganishwa na vipande ambavyo wataalamu wengine wanasema wala si vya mtu mmoja. Kile kichwa cha dume la ng'ombe cha jiwe cha huko huko Knossos nacho, pembe ni za kuongezewa. Yaani anayejaza mapengo kwenye orijino ndo anayekuuzia nakala. Hapo unaangalia Wakrete wa kale au unamwangalia Gilliéron? Ila bora nakala zibaki, sisi huku hata tungepewa hiyo dhahabu ingeishia kwenye mzani wa skrepa.

Mtoto wa Lindi: SISI nani mwalimu? Sema wewe. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kwetu Lindi aliyepo Berlin, kabebwa na nani, na sisi? Wajerumani wamechimba 1907 mpaka vita ilipoanza wakasomba tani mia tano za mifupa, wapagazi ni babu zetu, leo mtu anakuja kutuita watu wa skrepa.

Mwalimu wa Zamu: 1909 hadi 1913, na ni tani mia mbili na kitu. Ukikasirika kasirika na tarakimu sahihi.

Mtoto wa Lindi: Kwa hiyo tani mia mbili zikiibiwa ni sawa?

Mwalimu wa Zamu: Nimesema wapi ni sawa???

Mbeba Boksi: Jamani kikombe. Ila kwa kuwa mmemtaja, nilishaenda Berlin kumwona, ana mita 13 na ushee kwenda juu, na kile kichwa kilichopo kule juu shingoni ni nakala, cha kweli kizito wamekiweka pembeni.

Mtoto wa Lindi: Asante sana! Si mnasema nakala ni elimu? Basi wajitengenezee nakala ya mwili mzima wabaki nayo, mifupa irudi Lindi. Au nakala ni elimu ikiwa ya kuangalia sisi tu?

Chuma Ulete: Irudi ikae wapi, stendi?

Mtoto wa Lindi: Ikae kwenu, si mna nafasi, mmezoea kukaa na mifupa.

Chuma Ulete: Usiguse familia bro.

Sonara Mstaafu: Mbeba Boksi waache hao. Angalia ndani ya kikombe, ng'ombe wanaonekana kwa nyuma au ni laini? Orijino ina kuta mbili, ya nje yenye michoro na ya ndani laini, ndo maana nauliza.

Mbeba Boksi: Laini mzee. Sema siioni vizuri, nimeshanywea chai.

Sonara Mstaafu: Chai? Na limao??

Mbeba Boksi: Na limao.