Kisa cha Abunuwasi na sufuria iliyozaa: kinachekesha wapi hasa?

Mpenda Visa:
Wakuu habari za jioni. Nafundisha darasa la tano, Ijumaa kipindi cha mwisho huwa nawasomea watoto visa vifupi vya kuchekesha, na wiki hii ilikuwa zamu ya Abunuwasi. Kile cha sufuria mnakijua, anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani yake anasema sufuria yako imezaa, jirani anapokea vyote viwili na shukrani juu, siku nyingine anaazima tena na safari hii harudishi, akiulizwa anasema pole jirani, sufuria imekufa. Watoto walicheka hadi wa darasa la upande wa pili wa ukuta wakaja kuchungulia dirishani. Nikaendelea na kile cha maskini aliyekula chakula chake kikavu akinusa harufu ya nyama ya tajiri, tajiri akamshtaki anataka kulipwa harufu yake, Abunuwasi akachezesha sarafu wasikie mlio akasema basi umeshalipwa. Hapo hakuna aliyecheka, walisema tu "Abunuwasi ana akili mwalimu". Sasa mjanja ni yuleyule, vyote vifupi, mbona kimoja kinavunja mbavu na kingine kinapata heshima tu? Nauliza kwa sababu nataka waandike vya kwao muhula huu na sijui niwaelekeze nini.

Shemeji wa Tanga:
Mkuu ni mwisho tu hapo. "Imekufa" ni neno moja na mtu kashapigwa. Cha harufu lazima ufikirie kidogo, harufu haishikiki, mlio haushikiki, aah kumbe vinalingana, mpaka umalize hesabu hiyo kicheko kimepita. Na ndo maana mi siwapendi wasimulizi wanaoongeza pale mwishoni "kama ulikubali imezaa kwa nini hukubali imekufa". Kishaeleweka, unaeleza nini tena?

Bi Kurasa:
Shemeji hapo nakukatalia. Hilo swali silitoi hata kwa dawa. Anayelisema ni Abunuwasi mwenyewe, anamwambia jirani usoni, na jirani hana pa kupitia, kwa hiyo ni pigo la pili, si maelezo. Ingekuwa msimulizi ndo anageuka kutuambia sisi "jirani alinaswa kwa tamaa yake, nasi tujifunze" hapo sawa, kata. Mhusika akisema jambo ndani ya kisa anamfanyia mwenzake kitu, msimulizi akilisema hilohilo anatuhutubia, na mtu akihutubiwa hacheki.

Halafu mwalimu, kwangu mimi kicheko hakianzii kwenye kifo, kinaanzia kwenye uzazi. Yule jirani ni mtu mzima, anajua sufuria haizai, lakini kisufuria kipo mkononi na ni cha bure, basi anaitikia alhamdulillahi. Hapo sisi tunaosikiliza tunamwona anavyojidanganya mwenyewe na tunasubiri. Kile cha harufu tajiri ni dhalimu tangu mwanzo, tunangoja hukumu, na hukumu ikija kwa haki tunaridhika. Kuridhika si kucheka. Kwenye sufuria Abunuwasi mwenyewe ni mwizi jamani! Kabaki na sufuria ya watu na hakuna haki yoyote iliyotendeka, na tunamshangilia.

Mzee wa Rafu:
Niongeze la historia maana watu wengi wanadhani huyu ni mtu wa hadithi tupu. Abu Nuwas alikuwepo kweli, mshairi wa Kiarabu ambaye mama yake alikuwa Mwajemi, aliishi Baghdad zama za Harun al-Rashid aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809, na aliandika mashairi ya mvinyo na ya kejeli makali sana. Visa vya ujanja alibandikwa baadaye. Hiki cha sufuria Waturuki wanampa Nasreddin Hoca, Waarabu wengi wanampa Juha, sisi wa pwani tukampa Abunuwasi. Yaani kimesimuliwa kwa lugha nyingi kwa karne nyingi, na kila msimulizi ameacha kisichohitajika. Angalieni, jirani hana jina, hatujui sufuria ilipikia nini, hatujui hata kama ni tajiri. Kilichobaki ni kuazima, kuzaa, kushukuru, kufa. Ukitoa kushukuru tu kisa chote kimeanguka.

Mpenda Visa:
Asanteni sana, hili la kushukuru sikuwa nimeliona kabisa. Ila Bi Kurasa, vipi kile cha mtu aliyekesha kwenye maji baridi kwa ahadi ya kulipwa, akanyimwa ujira eti aliona moto kule mbali ukamtia joto? Abunuwasi akawaalika wakubwa karamu, akatundika sufuria juu ya mti na moto akauwasha chini. Pale pia kuna dhalimu na kuna haki, lakini mi nacheka kila nikikisoma.

Bi Kurasa:
Umenibana vizuri, na nadhani jibu ni njaa. Wale wakubwa wanakaa, wanasubiri, wanauliza chakula vipi, wanajibiwa bado kinachemka, na sisi tunaiona ile sufuria kule juu. Mlio wa sarafu unapita mara moja, karamu inawatesa kwa muda na wao ndo wanatoa hoja kwa midomo yao kwamba moto wa mbali haupiki. Kwa hiyo haki peke yake haiui kicheko, kinachokiua ni haki isiyo na kitu cha kutazama.

Shemeji wa Tanga:
Hapo nimekubali. Mwalimu waambie hivi hao watoto, kila mmoja atafute uongo ambao mtu angeukubali kwa sababu unamfaa, aandike jinsi alivyoukubali kwa furaha, halafu uongo uleule umrudie. Nusu ukurasa inatosha. Na jirani asiandikwe mjinga, aandikwe mtu wa kawaida kama baba zao, akiwa mjinga hatutacheka tutamwonea huruma.