Dawa moja ya saratani yaongeza virusi, nyingine yapunguza: tatizo ni nini?

Pipeti20: Wakuu, najaribu dawa mbili za saratani maabara. Ruksolitinibu kwenye seli za A549 (za saratani ya mapafu ya binadamu) inaongeza plaki, yaani madoa ya seli zilizouawa na virusi, za virusi vya RNA, ila kwenye seli za Vero haibadilishi kitu. Brekwinari nayo inazipunguza. Je, inapiga virusi au inachosha seli tu?

Kisahani: Ruksolitinibu haigusi virusi, mkuu. Inafunga vimeng'enya vya kupitisha ujumbe, kinasi JAK1 na JAK2, kwa hiyo intaferoni (protini ya kuonya seli kuhusu virusi) ikishika nje ya seli, ujumbe haufiki kwenye kiini na jeni za ulinzi haziwaki. Vero (za tumbili, tena) zimepoteza jeni za intaferoni aina ya kwanza. Hakuna cha kuzimwa. Hata kwenye A549, tumia MOI (uwiano wa virusi kwa seli) ya 0.01, yaani chembe 1 inayoambukiza kwa seli 100, usubiri saa 48. Ukimwaga MOI ya 5, karibu kila seli inaambukizwa papo hapo, na intaferoni haina jirani wa kumwonya.

Uridini: Brekwinari inafunga DHODH, kimeng'enya cha kutengeneza pirimidini (sehemu za kujengea RNA), na virusi vya RNA vinakosa malighafi. Weka visima viwili (vishimo vya sahani ya maabara) vyenye dawa, kimoja uongeze uridini, ambayo ni pirimidini iliyo tayari, maikromola 100. Virusi vikirudi, njia ni hiyo. Visiporudi, shuku sumu. Sumu ipime kwenye seli zisizoambukizwa, kwa saa zilezile, DMSO (kiyeyusho cha dawa) 0.1% kila kisima, na kisima kimoja cha DMSO peke yake. Gawanya kiwango kinachoua nusu ya seli kwa kile kinachopunguza virusi kwa nusu. Ukipata chini ya 10, usishangilie. Kipimo cha ATP (nishati ya seli) peke yake kinadanganya: seli zilizoacha kugawanyika huwa chache, ATP ya kisima inashuka, ukadhani zimekufa. Hesabu viini pia.

Pipeti20: Virusi vimerudi. Basi ni dawa ya virusi?

Uridini: Kwenye sahani, ndiyo. Damu ina uridini yake, maikromola kadhaa, na seli huifyonza. Ndiyo maana dawa za kufunga DHODH mara nyingi hung'aa maabara zikafifia kwa mnyama. Seramu ya kulishia seli nayo inayo, kwa hiyo usibadilishe chupa katikati ya jaribio.

Kisahani: Kinyume chake kipo pia, madhara yasiyoonekana kwenye sahani. Rituksimabu, dawa nyingine ya saratani, inafuta seli B (za kinga), na homa ya ini B iliyolala inaamka. HBsAg na anti-HBc (alama za homa hiyo kwenye damu) hupimwa kabla ya dozi ya kwanza; mwenye hatari hupewa dawa ya virusi, entekaviri au tenofoviri, tena kwa angalau miezi 12 baada ya dozi ya mwisho ya rituksimabu.