Naomba ushauri: ninahudumu kila wiki, lakini moyo wangu umepoa

Mzee wa Mtaa:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niliokoka miaka 19 iliyopita, na kwa sasa ni mzee wa kanisa hapa Mwanza. Naongoza jumuiya, nafundisha kwenye makesha, na zaka natoa. Sijaanguka katika dhambi ya kuonekana, na huenda ndiyo sababu nimechelewa kutambua kwamba nimelala.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kumwombea bibi mmoja ambaye hajatoka kitandani tangu Pasaka. Tulipomaliza kuomba alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, wiki hii Bwana amekuambia nini?" Nilimjibu papo hapo, kwa maneno mazuri kuhusu Zaburi ya 23, naye akaitikia amina huku machozi yakimtoka. Maneno yale yalikuwa ya somo nililolifundisha miaka mitatu iliyopita. Nilipofika nyumbani nikafungua Biblia yangu, nikakuta karatasi ya ratiba ya Kwaresima bado imekaa kwenye Luka 9, mahali nilipoishia kusoma, na sasa tuko Septemba. Biblia hiyo nimeibeba kwenda ibadani kila Jumapili.

Je, nijiuzulu uzee wa kanisa? Naogopa nikisema ukweli nitawavunja moyo wale ninaowaongoza.

Dada Upendo:
Pole sana, mzee wangu. Funga siku tatu, uamke usiku kuomba, na moto utarudi. Usijiuzulu, kwa maana adui ndicho anachokitafuta.

Mwinjilisti Mstaafu:
Kufunga ni kwema, dada yangu, lakini naona mzee anaweza kufunga siku hizo tatu kwa mazoea yale yale anayoyafanyia mambo mengine, kisha akaridhika kwamba amelishughulikia tatizo. Nimewahi kufanya hivyo.

Kanisa la Laodikia liliambiwa "hu baridi wala hu moto", na sisi wahubiri hupenda kuishia hapo. Mimi huona uzito zaidi mbele kidogo, katika Ufunuo 3:17, ambapo kanisa lenyewe linasema limejitajirisha wala halina haja ya kitu. Mji ule ulipobomolewa na tetemeko la ardhi mwaka 60, ulijijenga upya kwa mali yake bila msaada wa Rumi, na inaelekea kwamba moyo huo wa kujitosheleza uliingia hata kanisani. Mtumishi mwenye uzoefu hupatwa na jambo hilo hilo: ana akiba ya mahubiri, ana sala anazozijua kwa moyo, na anaweza kupitisha mwaka mzima kwa akiba hiyo bila kumhitaji Mungu hata siku moja. Kwa hiyo nakushauri upumzike kufundisha kwa muda, kusudi usome Neno bila kutafuta somo la kuwapa wengine.

Mama Koku:
Nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mtu wa Kagera, nimelelewa na wazazi wa uamsho wa Afrika Mashariki, na ningependa mzee akumbuke mahali ulipoanzia. Mwaka 1929 Joe Church, daktari wa misheni ya Gahini kule Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na amekauka kiroho baada ya njaa kubwa iliyoipiga Rwanda. Alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kiu kama yake, wakakaa pamoja kusoma Maandiko na kuomba. Wote wawili walikuwa waamini tayari. Kutoka kwa watu kama hao uamsho ulienea Uganda, Kenya na hadi huku kwetu.

Kukiri waziwazi hali ya moyo wazazi wetu walikuita "kutembea nuruni", kwa neno la 1 Yohana 1:7. Mtu alisimama katika ushirika akasema, "Wiki hii nimekuwa mkavu," na hakuna aliyeshtuka. Ubaridi ulitajwa ungali mchanga, kabla haujazaa jambo la aibu. Mwanangu, unaogopa kuwavunja moyo wanajumuiya, lakini inawezekana wako wanaokaa kimya kwa sababu wanadhani wao peke yao ndio wamepoa.

Mzee wa Mtaa:
Shikamoo, mama. Nianze na nani? Kusimama mbele ya jumuiya yote bado sijaweza.

Mama Koku:
Marahaba, mwanangu. Anza na mkeo, maana yeye ameshajua.

Mzee wa Mtaa:
Wapendwa, narudi kuwashukuru. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema amekuwa akiniombea tangu mwezi wa Mei. Mchungaji amenipumzisha kufundisha hadi Majilio, na kila alfajiri mimi na mke wangu tunasoma sura moja. Tulianza pale pale kwenye Luka 9. Alhamisi nitakwenda kwa yule bibi nimwambie kwamba siku ile sikuwa na neno lolote la kumpa, kisha nimwombe anisimulie yeye Bwana amemwambia nini.